Koki ya Nastia

Nestor Pidlubny alikuwa mwalimu wa kuchukiwa siku ya kwanza na kupendwa siku ya pili. Mimi nilimchukia mpaka ya tatu, kwa sababu nina kichwa kigumu. Alifundisha ufundi bomba katika chuo cha mji wetu mdogo wa jimbo la Manitoba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wanagenzi tuliingia darasani tukitaka spana, tukitaka kukata mabomba ya shaba na kuyaunga kwa moto wa gesi. Yeye akampa kila mmoja kikombe cha maji.

"Kaeni nayo hayo," akasema. "Mkishafahamiana, niiteni."

Kulikuwa na jamaa mmoja wa mashambani, mabega yake yamejaa mlango. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nimekuja kujifunza bomba. Maji nayajua, nimeyanywa tangu utotoni."

"Na hewa umeivuta tangu utotoni," Nestor akamjibu. "Mbona hujawa rubani?"

Tulicheka mpaka tukamwaga vikombe, na hapo ndipo somo likaanza, maana alitwambia tuangalie maji yaliyomwagika yanaelekea wapi na kwa nini yanasimama ukingoni mwa meza badala ya kuanguka. Siku ya tatu akatuonyesha vyombo viwili vilivyojaa maji, kimoja kinene kama pipa, kingine chembamba kama kidole gumba, vyote vya kimo kimoja, kila kimoja na tundu dogo chini. Akauliza ni kipi kitakachorusha maji mbali zaidi. Darasa zima tulionyesha pipa. Akazibua. Maji yakaruka sawasawa.

"Maji hayajali unene wa mtu," akasema, "yanajali kimo chake. Mnene asijivune."

Wote wakanigeukia, maana wakati ule nilikuwa na mwili. Nikamwambia mwalimu kwamba hata wafupi wasijivune, na yeye, ambaye alinifika kwapani, alicheka kuliko wote. Tangu siku ile tukaelewana.

Nestor alipenda kusema maji hayana akili wala roho mbaya, yana tabia tu, na ukishazijua tabia zake kazi imekwisha, kilichobaki ni jasho. Hutoka kwenye presha kubwa kwenda kwenye presha ndogo. Yakiachiwa, hutafuta usawa. Na kwenye baridi ndiyo yana ukaidi wao: vitu vingine vikiganda hunywea, maji yakiganda huvimba, vikombe kumi na kimoja vikawa kumi na viwili. "Hicho cha kumi na mbili kitakaa wapi?" alikuwa akiuliza. "Kikikosa pa kukaa kitajitengenezea." Mezani alikuwa na kipande cha bomba la shaba lililopasuka, kingo zimefunuka nje. Alituuliza barafu ilikuwa wapi. Sote tukagusa ule mpasuko. Akatikisa kichwa. Barafu ilikuwa mbali, upande wa ukutani. Hapa palikuwa na maji tu, yamebanwa kati ya barafu inayokua na koki iliyofungwa. Barafu iliyasukuma, koki ikayanyima njia, na bomba likapasuka mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote.

Nilipopata kazi na kununua nyumba, nikaipata mtaani kwake, ua wangu na wake umetengwa na waya tu. Hapo ndipo nilipomjua mkewe, Nastia.

Nastia alilelewa shambani, kwenye kisima. Alikuwa binti mkubwa, kwa hiyo ndoo zilikuwa zake, kiangazi na wakati wa baridi, na wakati wa baridi kamba ya kisima iliyolowa huchuna viganja. Alipoolewa akakuta koki ndani ya nyumba, hakuizoea kamwe. Hakuweza kuvumilia kuiona inatiririka bure. Alifunga koki kwake, alifunga kwangu, alifunga katika ukumbi wa kanisa wanawake wenzake wakiwa bado wanaosha vyombo, na alikuwa na mkono wa chuma. Alifunga kwa nguvu mpaka mipira ya ndani ikalika, na Nestor kila mara alikuwa chini ya sinki akiibadilisha.

"Mafundi wengine wameoa wanawake wanaopika," aliniambia siku moja akiwa amelala chali chini ya sinki. "Mimi nimeoa anayenipa kazi."

"Na anapika."

"Na anapika. Mungu ana upendeleo, Teklia, usimwambie mtu."

Kisha Nastia akaanza kusahau. Yalianza majina ya maua, yakaja majina ya majirani, na siku moja nilipoingia na mkate akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ni binti wa nani, mwanangu?" Nikamwambia. Nilienda nyumbani nikakaa na koti langu nimelivaa, nikalia. Tangu siku hiyo niliulizwa karibu kila nilipoingia, na kila mara nilijibu kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kupika kukaondoka, baada ya sufuria kuungua. Kwaya ikaondoka. Kudarizi kukaondoka. Lakini mkono haukusahau. Kila jioni baada ya chakula Nastia aliinuka na kuzunguka nyumba: jikoni, bafuni, hata koki ya nje aliigusa kupitia dirishani kwa macho. Kisha alisimama mlangoni pa sebule na kusema, "Nimefunga."

"Asante, mke wangu," Nestor akajibu. "Sasa tunaweza kulala."

Hiyo ndiyo kazi iliyombakia, na aliifanya kwa heshima kuliko mwenye benki.

Sasa, mtaa wetu una shida yake. Bomba kuu lilizikwa zamani, si kwa kina cha kutosha, na baridi ya kwetu hushuka ardhini kupita kimo cha mtu. Kwa hiyo kila mwaka baridi ikikolea mji hututangazia: kila nyumba iache koki moja wazi, maji yatoke membamba unene wa penseli, usiku na mchana, mpaka theluji iyeyuke. Maji yanayotembea hayapati nafasi ya kuganda. Tunanung'unika, tunaacha wazi. Mgeni akiingia nyumba za mtaa wetu mwezi wa Januari hudhani ametembelea wafujaji.

Miaka ya nyuma Nastia alivumilia, akikunja uso, kwa sababu alielewa. Mwaka ule alielewa pia, ila kuelewa hakukukaa.

"Nani ameacha koki wazi?"

"Mimi, Nastia. Baridi kali. Tukiifunga bomba litaganda kule chini ya barabara."

"Ahaa. Basi sawa, umefanya vizuri."

Akaketi. Chai haijapoa, akainuka tena. "Nestor! Nani ameacha koki wazi?"

Nestor akabandika karatasi juu ya sinki: USIFUNGE. Nastia aliisoma kwa sauti, akasema, "Maskini, kuna mtu amesahau kufunga," akafunga. Nestor akaifunga koki kwa waya ibaki wazi. Nastia aliufungua waya, ingawa ulimkata kucha. Mwisho Nestor akafanya ambacho fundi yeyote wa kwetu angefanya, na ndilo kosa lenyewe: alichukua bisibisi, akaondoa mkono wa koki, akautia mfukoni.

Niliingia jioni hiyo nikamkuta Nastia amesimama kwenye sinki, vidole vyake vimeshika ule msumari mtupu uliobaki, anauzungusha, unateleza, anauzungusha. Vidole vilikuwa vyekundu. Chakula chake kilikuwa mezani, kimepoa.

"Wameichukua," akaniambia.

"Wamechukua nini, mama?"

"Sijui," akasema, akaendelea kuuzungusha.

Nestor alikuwa amekaa mezani, amejishika kichwa. Akainuka, akatoa kile kishikio mfukoni, akakirudisha mahali pake. Nastia akafunga. Akavuta pumzi ndefu, akaenda kula.

"Mwalimu," nikanong'ona, "bomba litaganda."

"Na ligande."

Likaganda. Asubuhi koki ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Watu wa mji walikuja, wakasema ni chini ya barabara, na kwamba mwaka huu nyumba zilizoganda ni nyingi, wasubiri zamu yao, huenda wiki nyingi. Kwa hali hiyo kwetu hufanyika hivi: unavutwa mpira wa maji kutoka koki ya nje ya jirani hadi koki ya nje ya aliyekwama, na maji yanaingia nyumba yake kinyumenyume. Maji hayajui mlango wa mbele wala wa uani, yanajua presha tu. Basi nikawanywesha akina Pidlubny kutoka ukutani kwangu, nikawa nawatania kwamba wakinisema vibaya nitawafungia.

Lakini mpira umelala juu ya theluji. Maji yakipita ndani yake, unaishi. Yakisimama, hujamaliza bakuli la supu ya borshi, umekuwa fimbo ya barafu. Kwa hiyo koki ya jikoni kwao ilibidi iwe wazi kuliko zamani, na Nastia hakuwa na habari hiyo. Nestor alihamishia kiti chake jikoni. Alikaa pale mchana, akasinzia pale usiku, mkono mmoja juu ya sinki, na kila Nastia alipofunga yeye alifungua. Alizeeka machoni pangu. Mimi nilikuwa nje na birika la maji ya moto, nikiyeyusha maungio ya mpira na kusema maneno ambayo padri wetu hayajui.

Hivyo ndivyo Orysia alivyotukuta. Orysia ni binti yao wa pekee, anakaa mjini Winnipeg, na alikuja kwa Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, ile ya Januari. Meza ya usiku wa mkesha hutakiwa kuwa na vyakula kumi na viwili visivyo na nyama. Tulikuwa na saba, na Mungu anatujua. Tulikula kile kiitwacho kutia, ngano yenye asali na mbegu za mpopi, na Orysia alivumilia mpaka mama yake alipoinuka kwenda jikoni na baba yake akainuka nyuma yake kwa kujikongoja.

"Baba, imetosha."

"Kaa ule, mwanangu."

"Nimewapigia simu. Kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu, ina nafasi moja. Nitakuwa namwona kila siku."

"Kwa sababu ya koki?"

"Si koki! Leo koki, kesho nini? Na wala si yeye. Ni wewe. Jitazame, baba. Utafia kwenye hicho kiti."

"Basi nife. Kiti ni changu."

"Halafu yeye abaki na nani?"

Nastia alikuwa amesimama mlangoni, mikono imelowa, anatutazama mmoja mmoja.

"Nani anaondoka?" akauliza.

Nilitazama sahani yangu. Nilitaka kumchukia Orysia na sikuweza, kwa sababu alisema kweli na alikuwa akilia.

Baadaye walikubaliana. Orysia angekaa mpaka Yordani, sikukuu yetu ya kubariki maji, ambayo haikuwa mbali. Ikiwa kufikia siku hiyo baba yake analala kitandani kwake na maji bado yanapita, atanyamaza. Ikiwa sivyo, ataondoka na mama yake.

Kesho yake Nestor alinigongea mlango. "Lete spana zako," akasema. Utauliza fundi kama yule alikosa vipi kufikiri mapema. Mganga hajigangi. Tulishuka chumba cha chini ya nyumba, pale maji ya mpira yalipoingilia, tukachomoa tawi jembamba na kulivuta mpaka kwenye sinki kuukuu la bati la kufulia, likawa linatiririka huko peke yake. Sasa Nastia afunge jikoni atakavyo, mpira haujui. Tulipongezana kwa kahawa.

Jioni Nastia akafunga jikoni, akafunga bafuni, akaja mlangoni pa sebule. Akainamisha kichwa.

"Kuna maji," akasema.

"Hakuna, mama," Orysia akamwambia.

"Yapo. Yanalia."

Na akaelekea kwenye ngazi za kushukia chini, ngazi za mbao, kali, ambazo hata mimi huzishuka nimeshika ukuta. Tulimdaka mguu wake ukiwa tayari hewani. Alikuwa amesahau jina langu, lakini sauti ya maji kwenye bati aliisikia kupitia sakafu.

Tulijaribu matambara, yakachuruzika. Tulijaribu sifongo, ikadondosha. Njia rahisi ilikuwa kuuzamisha mdomo wa bomba ndani ya maji ya sinki, sauti ingekufa palepale, lakini hiyo ndiyo dhambi ya kwanza ya fundi bomba: presha ikishuka ghafla, maji machafu hunyonywa yakarudi kwenye maji ya kunywa, ya kwao na ya kwangu. Nestor aliniona natazama.

"Usiniangalie hivyo. Sikusema tufanye."

"Tufunge mlango wa ngazi kwa ufunguo, basi."

"Hapana." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Asimame pale agonge mpaka vidole vivimbe? Miaka yote nawauliza watoto wa watu barafu ilikuwa wapi, nawacheka wakikosea. Huu ugonjwa ndio barafu, Teklia, unamsukuma kila siku. Na mimi nikaenda nikajifanya koki iliyofungwa. Nilimnyima njia. Mwanamke huyu."

Nikamshika bega. Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kushikwa bega, lakini aliniacha.

Tukakaa hivyo, maji yakilia kwenye bati. Kisha nikaona ameacha kunisikiliza. Alikuwa anatazama chini ya lile bomba jembamba, ambapo maji machache yalikuwa yakitambaa kwenye tumbo la bomba badala ya kuanguka.

"Kwa nini lile tone linaning'inia?" akaniuliza, kwa sauti ile ile ya darasani.

"Kwa sababu maji hushikana yenyewe kwa yenyewe. Na hushika kitu kilicho karibu."

"Vizuri. Hebu niambie wewe mjuzi, yanalia yakishika?"

"Yanalia yakianguka."

"Basi kwa nini tunayaangusha?"

Alipanda ngazi zile kama kijana. Nilimkuta sebuleni amepiga magoti mbele ya kiti cha mkewe.

"Nastia, nisukie."

"Nikusukie nini?"

"Kamba. Nene, ya pamba, ndefu kama mkono wangu."

Orysia alileta nyuzi za pamba kutoka kwenye kikapu cha kudarizi kilichokuwa hakijaguswa muda mrefu. Nastia alizitazama kana kwamba hajapata kuona uzi. Halafu Orysia akakaa sakafuni, mgongo kwa mama yake, akashika ncha za nyuzi juu ya bega lake, na vile vidole vikaanza kwenda vyenyewe, kushoto, kulia, kati, vikivuta na kubana.

"Tulia," Nastia akasema. "Usitikisike, utachelewa shule."

"Nimetulia, mama."

Machozi yalikuwa yanamdondoka Orysia mapajani, na hakuthubutu kuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika nyuzi. Alisukwa hivyo mpaka kamba ikaisha. Kisha Nastia akampapasa kichwa, akamwambia aende.

Tuliulowesha ule msuko, tukaufunga kwenye mdomo wa bomba, ncha yake ikaning'inia hadi kwenye tundu la sinki. Tukafungua. Maji yakaushika. Yaliteremka juu ya uzi yakimetameta, mengi, bila tone kuruka, bila sauti. Mkaguzi wa mabomba angetufokea kwa urembo ule, na Nestor ndiye angemfokea kwa sauti zaidi kama ungekuwa wa mtu mwingine. Pale mwanzo yalizidi yakachuruzika pembeni, ikabidi Nastia asuke wa pili. Hakuuliza wa nini.

Jioni ikafika. Nastia akainuka baada ya kula. Jikoni. Bafuni. Tulimsikia akibana kila koki. Akaja mlangoni pa sebule, akasimama, akainamisha kichwa. Orysia alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Nilisali, na mimi si mtu wa kusali nje ya kanisa.

"Nimefunga," Nastia akasema.

Nestor akainuka. "Asante, mke wangu. Sasa tunaweza kulala." Na akalala, kitandani kwake, mpaka jua likawa juu. Mimi niliamka alfajiri nikatoka na viatu vya theluji, nikavua glavu, nikaweka kiganja juu ya mpira. Maji yalikuwa yanatetemeka ndani yake. Nilikimbia ndani kabla vidole havijanata.

Yordani ilipofika padri alipita kubariki nyumba, kama ilivyo desturi, akinyunyiza kila chumba. Aliposhuka chini akauona ule msuko na maji yakishuka juu yake kimya. Akamuuliza Nestor ni kitu gani.

"Hiyo ni kazi ya mke wangu," Nestor akajibu. Padri akaunyunyizia.

Orysia aliondoka siku iliyofuata. Nilienda kumsaidia mizigo nikakuta begi ni moja tu, lake. Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu, wote wawili wamevaa kofia. Nastia alikuwa amekaa sebuleni, mikono mapajani, anatazama dirisha. Zamu yake ya jioni ilikuwa bado, na mchana ni mrefu kwa mtu asiye na kazi.

Orysia alikuwa ameshashika kitasa. Akakiachia, akavuka hadi jikoni na viatu vyake vya theluji, akaacha maji ya matope sakafuni. Nilidhani amesahau funguo. Nikasikia koki ya jikoni ikifunguliwa, si kidogo, bali yote, maji yakipiga sinki kwa kishindo. Nestor akageuka, uso umemshuka. Orysia akatoka, akasimama kando ya mlango.

"Mama!" akaita. "Kuna mtu ameacha koki wazi!"

Nastia akanyanyuka kitini kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona tangu vuli. Alitupita wote watatu bila kututazama. Tulisikia maji yakipungua, yakinyamaza, na ile sauti ya mwisho ya koki ikibanwa kuliko inavyotakiwa. Akarudi anajifuta mikono kwenye sketi, amekasirika, mashavu yamepata rangi.

"Hamna adabu na maji," akatwambia. "Mimi nikiondoka hapa, nyie mtaelea."

"Ndiyo, mama," Orysia akasema. "Ndiyo maana huondoki."